Jagi la Mama Ruth na Chai ya Wakwe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujiita mtaalamu. Nilijifunza vioo peke yangu, kwa video za simu na kuzurura maduka ya mitumba ya Saint Paul, na (naona aibu kuandika hivi) nilifika mahali siwezi kuketi mezani kwa mtu bila kugonga bilauri yake kwa ukucha nisikilize mlio.

Mama Ruth, mzee Mmarekani ninayemhudumia kwake Woodbury, alikuwa na jagi la kioo alilorithi kwa nyanya yake, akilitilia maji ya ndimu kila siku. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni la karne ya kumi na tisa, na kwamba zile nyota za ubavuni mwake zilichongwa kwa gurudumu la kukatia kioo, moja moja, si kumiminwa kwenye kalibu. Alifurahi kama mtoto. Wakwe watarajiwa wa dada yangu walipokuja kwetu Richfield kujitambulisha, Mama Ruth akaniazima jagi hilo. "Wapambie meza," akasema.

Ningetia juisi, yangeishia hapo. Lakini wageni walitaka chai, na chai yetu ni ya kuchemshwa na maziwa na tangawizi hadi ipande, na chupa yetu ya chai imekwaruzika, na mimi (mnanijua) kitu kilichokwaruzika kinaninyima raha, basi nikaimimina yote, ikitokota, ndani ya jagi nililolitoa kwenye gari dakika hiyo hiyo, na nje ni Januari ya huku, baridi ya kugandisha maji.

"Wewe, chai na kioo? Leta chupa!" Shangazi alinong'ona nilipoingia sebuleni.

"Tulia, Shangazi. Hiki si kioo cha dukani."

Kikalia ta! Kitako kikaanguka, chai ikafuata, nusu kwenye zulia, nusu kwenye suruali ya baba mkwe, aliyeruka kama kijana.

"Jamani! Mnanichoma na mahari hatujaitaja?"

Walicheka wote, hata dada. Mimi nilikuwa nimepiga magoti naokota nyota.

Kesho yake nilimpelekea Mama Ruth vipande kwenye mfuko. Hakunigombeza.

"Usingeniambia ni la karne gani," akasema, "leo lingekuwa limevunjika jagi tu."

Bado naenda kwake kila asubuhi. Zamani alikuwa akinisimulia habari za nyanya yake nikimchana nywele; sasa anasema asante, kwa adabu, kama mtu ninayemhudumia kwa mara ya kwanza.