Tangu Aache Kuniita Mrundi

Mimi ni mkorofi, nianze na hilo. Nikichokozwa najibu, na nisipochokozwa naanza mwenyewe. Ndiyo maana nilimpenda yule bibi jirani tangu siku ya kwanza tulipohamia Ipagala, mjini Dodoma, mimi na marehemu mume wangu. Tulikuwa bado tunashusha magodoro, naye akachungulia juu ya ua wa minyaa akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kigoma, mpakani kabisa.

"Kigoma ya wapi! Sema Burundi," akasema. "Umevuka lini? Mbona miguu bado imelowa?"

Nikamuuliza na yeye kwao ni wapi. Akasema ni mtu wa mji huuhuu, wa ukoo wa Waislamu wa zamani, ila babu wa babu yake alitoka Unyamwezi na misafara ya pembe za ndovu, akachokea hapa, akaoa, akabaki.

"Kumbe mpagazi!" nikamwambia. "Haya, tua mzigo upumzike."

Alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Tangu hapo tukawa watani. Waliosoma wataeleza sisi Waha na Wanyamwezi tulianza kutaniana lini na kwa nini. Mimi najua kazi ya utani tu. Mtani anakutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kununa. Anaingia jikoni kwako, anafunua sufuria, anakuuliza hii ni mboga au maji ya kuoshea miguu. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukivuruga kilio, maana watu wakiachwa walie tu, huzuni inawamaliza.

Mume wangu alikuwa fundi ujenzi. Tulikuja Dodoma kufuata majengo ya Mtumba wizara zilipohamia, nami nikafungua kibanda cha chakula hukohuko: wali wa Bahi, maharage, na mlenda kwa wenye kuupenda. Hatukujaliwa mtoto. Alipofariki, ghafla tu, nilikaa kwenye mkeka macho makavu, hata waliokuja kunipa pole nilikuwa siwatambui. Siku ya pili akaingia bibi jirani. Alikuwa amevaa koti la mume wangu, alilolichomoa chumbani kwangu bila kuomba, na viatu vyake vya kazi vyenye saruji iliyogandia. Akapita katikati ya waombolezaji akiuburuta mguu wa kushoto, vilevile alivyouburuta marehemu.

"Mrundi wewe, ugali wangu uko wapi? Nimekufa na njaa!"

Watu waliangua kicheko. Na mimi nikacheka, kicheko kikageuka kilio, kile kilichokuwa kimenikwama tangu jana yake. Nililia nikagaagaa chini. Usiniulize kitaalamu, lakini nilipona siku ile.

Basi kila asubuhi kabla sijaenda Mtumba ilikuwa hivi: "Shikamoo, mpagazi!" nami nasikia kutoka ng'ambo ya minyaa, "Marahaba, Mrundi. Bado hawajakukamata tu?" Mtaa ulizoea. Wateja wangu nao walilichukua jina hilo, wakawa wanaagiza chakula kwa Mama Mrundi, na mimi ninawaitikia. Mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea mara moja, bibi jirani alimwambia, "Kumbe mmevuka ukoo mzima!" Mama, ambaye Kiswahili alikijua kidogo tu, alielewa utani haraka kuliko maneno. Alimfundisha bibi salamu zetu za Kiha, zile ndefu za kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu. Bibi wa watu akawa anachuchumaa barazani, magoti yanalia, wanacheka wote wawili.

Niseme na ukweli wa kwetu. Mpaka wa kwetu ni kijito. Kiangazi unavuka kwa kukunja khanga magotini. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya pili, akaolewa upande huu, na dada wa mama akaolewa upande ule. Siku ya soko wa ng'ambo walivuka na ndizi, wa kwetu walivuka na chumvi na dagaa, na jioni kila mtu akarudi kwake. Kisha wakaja wakimbizi, na nyuma yao wakaja watu wenye bunduki. Watu waliuawa barabarani, tena watu ninaowajua, kwa hiyo sitaki mtu anisikie nikiubeza ulinzi. Soko likafungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Askari wakakaa kijitoni. Mama akaniambia kwenye simu kwamba siku hizi yeye na dada yake wanapungiana mikono tu, kila mmoja ukingoni kwake. Nilimwonea huruma mama, kisha nikarudi kuchochea moto wangu. Sikujua kwamba mpaka nao unaweza kupanda basi ukanifuata mpaka Dodoma.

Asubuhi moja walikuja watu wa msako. Kulikuwa na maneno mjini kwamba wahamiaji haramu wamekuwa wengi, na huu sasa ni mji wa serikali. Walikuwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, wanapita nyumba hadi nyumba. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Waliniuliza kwa adabu kabisa kwetu ni wapi. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka juu ya minyaa.

"Mchukueni huyo! Mrundi huyo! Kavuka na ndoo ya mawese kichwani, nimemwona kwa macho yangu! Mrudisheni kwao tupumue!"

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nikawaambia, "Msimsikilize mpagazi huyo, mkagueni kwanza mzigo wake." Mwenyekiti naye alitabasamu. Wageni hawakutabasamu. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni, akaniuliza bibi yangu mzaa mama alizaliwa wapi. Nikamjibu ukweli, kwa sababu kwetu si jambo la kuficha, ni sawa na kuulizwa kisima kiko upande gani. Akaandika.

"Twende ofisini, mama."

Nilipogeuka kumtazama bibi jirani, alikuwa bado ameshika minyaa kwa mikono miwili, utomvu unamchuruzika vidoleni, mdomo wazi.

Aliwahi kufika ofisini kuliko nilivyotegemea, yeye na mwenyekiti. Nilimsikia akiapa kwa Mungu mmoja kwamba ulikuwa utani.

"Mama, ulisema umemwona kwa macho yako," yule mwenye mvi akamwambia.

"Utani, baba! Kwani wewe huna watani?"

"Ninao. Ila nikikubali leo kwamba ulikuwa utani, kesho nikiambiwa kweli nitajuaje?"

Sikumchukia yule mtu. Hakunipigia kelele, na maji ya kunywa aliniletea mwenyewe. Lakini nililala mahabusu siku kadhaa, mimi mwanamke mzima mwenye kibanda changu na kaburi la mume wangu katika mji huu. Waliniuliza makaburi ya kwetu yako wapi na ya nani. Waliniuliza shule niliyosoma ilikuwa na miti gani. Nikiwajibu haraka nilijiona kama nimekariri, nikifikiri kidogo nilijiona kama natunga. Mwisho wakaniachia, nisubiri majibu kutoka kwetu. Kitambulisho changu kikabaki kwao. Wakaniambia nisitoke nje ya mji.

Nikarudi Ipagala. Asubuhi yake nikaoga, nikavaa vizuri, nikaenda uani nikapaza sauti kwa makusudi, mtaa usikie kwamba nimerudi mzima na ukorofi wangu: "Shikamoo, mpagazi!"

Ikaja sauti ndogo: "Marahaba, mama. Umeamkaje?"

Mama! Mtu aliyeshiba miaka kunizidi, aniite mimi mama! Nikadhani ananivutia pumzi. Nikangoja litoke tusi. Halikutoka. Nikasikia akiingia ndani na kurudishia mlango taratibu.

Na mtaa mzima ukawa hivyo. Mtumba hakuna aliyeniita tena Mama Mrundi. Waliniita mama tu, wakala, wakashukuru. Mteja mmoja wa siku nyingi aliniuliza pembeni, kwa upole, eti hasa hasa mimi ni wa wapi. Hiyo adabu yao ilinikaba, nakwambia. Mwanzoni nilidhani wananionea haya. Baadaye nikaelewa kwamba wananionea huruma, na mtu anayeonewa huruma na kila mtu hana pa kukaa. Zamani nilipoitwa Mrundi nilikuwa mtu wa Ipagala. Sasa hakuna aliyeniita Mrundi, na ndipo nikawa mgeni.

Na mimi nikaanza mambo ya kipuuzi. Zamani mama akipiga simu nilikuwa nikiongea Kiha kwa sauti ya kufukuzia ndege. Nikaanza kunong'ona. Halafu nikahamia Kiswahili kabisa, kwa kuogopa aliye ng'ambo ya dirisha. Mama na Kiswahili chake cha kuokoteza, tukabaki na hujambo, sijambo, mvua imenyesha? Siku moja aliniuliza, "Mbona unaniongelesha kama karani?" Nikamuuliza tena kama mvua imenyesha. Sikuwahi kumweleza yaliyonipata, angekufa kwa hofu.

Siku nyingine uvumilivu ulinishinda, nikauzunguka ua nikaingia kwa bibi jirani bila hodi, nikafunua sufuria yake jikoni. "Hii ni mboga au maji ya kuoshea miguu?" Akakichukua kifuniko mkononi mwangu, akafunika. Nikamwambia, "Nitukane! Nimekukosea nini? Nitukane basi!"

"Mdomo wangu ulishakufunga mara moja," akasema. "Karibu chakula, mama."

Nilirudi kwangu nikalala mchana, mimi nisiyejua kulala mchana. Upweke wa ujane niliuzoea. Huu ulikuwa mwingine, wa kusikia mtu anafagia ng'ambo ya minyaa na kumkumbuka kama aliyekufa.

Kaka yangu alipiga simu nikiwa kibandani. Mama amefariki, wanazika kesho. Niliacha sufuria motoni nikaenda stendi na nguo zangu kwenye kiroba. Kondakta wa basi la Kigoma alikuwa mtu mwema. Aliniuliza, "Mama, kitambulisho unacho? Huko mbele kuna vizuizi, wanashusha watu. Mimi nisije nikakuacha porini." Sikuwa nacho. Nikaenda kwa yule mwenye mvi. Alisimama, akanipa pole kwa mikono miwili, akasema majibu hayajafika, na kwamba nikishushwa njiani hatakuwa na uwezo wa kunitetea. Nikamwambia, kama ni hivyo, anizuie na kulia pia. Akainamisha kichwa.

Mama yangu akazikwa bila mimi. Nikatandika mikeka kwangu Ipagala, nikaweka msiba wa mtu ambaye mwili wake haukuwapo. Majirani walikuja, lazima niwashukuru. Walipika, waliteka maji, walikaa. Bibi jirani alikuja wa kwanza, akaosha vyombo, akakaa kwenye kona yake na tasbihi. Kila alipoinuka nilimfuata kwa macho: sasa hivi atasema, sasa hivi atavaa kitu. Akapita na kikombe cha chai. "Kunywa, mama." Sikulia. Macho yalikuwa makavu kama ile siku ya mume wangu. Sikutaka uji wala dua. Nilitaka mtani wangu, na alikuwa pale pale, ameketi na adabu zake.

Tulianua matanga. Watu wakaondoka mmoja mmoja, akabaki yeye anakunja mikeka. Nilimwangalia akiukunja wa mwisho na nikajua akimaliza ataaga, na mama yangu atakuwa amepita hivihivi, bila mtu aliyemkumbuka kwa kicheko.

Aliuegemeza mkeka ukutani. Akaenda mlangoni, akachungulia kulia na kushoto, akafunga, akatia komeo. Akaenda dirishani akavuta pazia. Kisha akachukua khanga yangu, akajitanda kichwani kama mama alivyokuwa akijitanda, akachuchumaa mbele yangu, magoti yakilia. Akaanza kupiga makofi taratibu, yale ya salamu zetu, ila viganja havikugusana. Hakutaka yasikike.

Akaniletea mdomo sikioni.

"Mrundi wewe," akanong'ona. "Nimekufa, hujaja kunizika. Umenogewa na wapagazi?"

Kicheko kilinitoka kabla sijajua, na nyuma yake kikaja kilio chote, cha mama, cha mume wangu, cha mahabusu. Nilifungua kinywa kulia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, mlima wa pili ukasikia. Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja. Na yeye machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Polepole, Mrundi wangu," akasema. "Watasikia."

Basi nikamlilia mama yangu hivyo, mkono wa mtani wangu ukiwa mdomoni mwangu.