Mtihani wa Jumamosi ya Elbridge

Miaka kumi na tisa Verlin Hochstetler alifundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, katika Chuo cha Uhandisi cha Tilden, na miaka kumi na tisa alianza mazoezi na nusu ya timu. Nusu nyingine ilikuwa maabara. Vijana wake walifika uwanjani na vikokotoo mifukoni, macho mekundu, na wengine walisinzia hali wamevaa kofia ngumu za mchezo. Hakuwalaumu. Ni yeye aliyewasimamia mitihani ndani ya basi, safari baada ya safari, akitia saini kwamba muda umefuatwa na hakuna aliyechungulia kwa mwenzake.

Lakini uchovu ulikuwa umemwingia hadi mifupani. Ng'ambo ya mto, dakika kumi tu kwa gari, kuna Chuo cha Elbridge, nao Elbridge walikuwa wamewapiga miaka kumi na mmoja mfululizo. Kile kipande cha reli kuukuu kinachogombewa kama kombe na vyuo hivi viwili kilikaa kwao muda wote huo. Hata kinyozi wake alikuwa mtu wa Elbridge.

"Verlin, njooni basi mchukue reli yenu," alimwambia wiki ile ya mechi, mkasi mkononi. "Tumechoka kuifuta vumbi."

Jumatatu mkuu wa michezo alimwita, akafunga mlango na kumwambia bila kuzunguka: Jumamosi ashinde, ama atafute kazi nyingine. Verlin alikuwa na miaka sitini na mmoja. Aliitikia tu, akatoka.

Tumaini lake lilikuwa moja, Tobias Wuertz, mrushaji mpira wa timu, kijana wa mwaka wa tatu. Alhamisi tumbo lilimvuruga Tobias, akakosa mtihani wa nadharia ya joto. Profesa Maddux, mama asiyejua mpira wala kutaka kuujua, akatoa amri: Jumamosi saa nne asubuhi, muda wa saa tatu, la sivyo sifuri. Yeye alikuwa na safari, kwa hiyo Verlin asimamie. Na mechi ilikuwa saa saba kamili. Tobias akajigamba kwamba saa sita atakuwa ameshamaliza.

Jumamosi wakakaa wawili chumba cha kufulia jezi, maana ndicho chenye meza. Saa sita ikafika, ikapita. Saa sita na nusu Tobias akaweka kalamu chini.

"Kocha, chukua. Yatosha."

"Umebakiza maswali mangapi?"

"Mawili. Lakini naweza kupita bila hayo."

"Unaweza, au utapita?"

Tobias akageukia mlango. Nje bendi ilikuwa imeshaanza, na watu wa Elbridge waliimba kwa dhihaka, "Wahandisi wako wapi? Bado wanapima uwanja!"

Verlin aliitazama ile karatasi. Kunyoosha mkono tu, basi. Ulimi wenyewe ulitaka kusema lete. Lakini alijua kijana akianguka hapa, somo zima liko hatarini, na ufadhili wake pia.

"Keti," akasema. "Muda wako haujaisha."

"Na wewe je? Mechi inaanza."

"Msimamizi haondoki. Andika."

Msaidizi wake aligonga mlango mara mbili. Mara ya pili alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Verlin, akaenda zake. Muda mfupi baadaye filimbi ya kwanza ikasikika uwanjani, na Verlin akanyoosha mkono, akapokea karatasi na kutia saini.

Hadi Tobias afungwe bandeji za kukaza viungo na kuvaa jezi, Elbridge walikuwa mbele kwa pointi kumi na nne. Kijana alirusha mchana ule, Mungu ni shahidi, alirusha kama hajawahi. Hata hivyo Tilden wakapigwa ishirini kwa kumi na saba.

Jumatatu Verlin akaambiwa alilokwisha kulijua. Jumatano alikuwa akikunja makoti yake na kuyatia kwenye boksi, Tobias akaja kusimama mlangoni.

"Kocha, nimefeli. Kwa alama mbili tu."

Verlin akaketi. Hasira ilimpanda, akataka kumuuliza, sasa mimi nilikaa mle ndani kwa ajili ya nini? Badala yake akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyechoka.

"Basi tumefungwa sote wawili."

"Profesa kaniruhusu kurudia Januari. Ila ameweka sharti."

Akampa karatasi. Chini ya alama, kwa wino mwekundu, Profesa Maddux alikuwa ameandika kwamba mtihani wa marudio usimamiwe na Bwana Hochstetler, si mtu mwingine.

"Hajasikia kwamba nimefukuzwa?"

"Nilimwambia yote. Akasema hatafuti kocha, anataka msimamizi asiyeondoka, yaani wewe."

Verlin akaisoma tena, polepole, kidole kikifuata mstari. Macho yalimwuma. Kisha akapekua ndani ya boksi mpaka akaipata kalenda, akaifungua juu ya magoti.

"Januari tarehe ngapi?"