Nyaya Mbili Nyeusi

Fizikia niliyosoma sekondari ilinitosha kufaulu mtihani; haikunitosha kuunganisha nyaya mbili. Hilo nalisema sasa. Miaka ile ya sabini, kanisani kwetu Kasulu, waliniita fundi nami nikaitika.

Mama alikuwa anahamia Kibondo kwa kaka yangu, kifua kikimsumbua. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kina mama. Nikaazima kinasa sauti cha misheni ili tubaki na sauti yake. Mpango ulikuwa mwepesi: waya wa maikrofoni uingie kwenye kinasa sauti, waya wa kinanda uingie kwenye amplifaya na kutokea kwenye spika ya nje. Nyaya zote mbili nyeusi, ncha zinafanana.

Nilikuwa nimezishika, moja kila mkono, Mama aliposimama mbele akatusalimia, "Mwakeye!" Kwetu Waha salamu ya mkubwa huitikiwa kwa makofi, na mtu hamwitikii mamaye mikono ikiwa na vitu. Nikaziweka chini, nikapiga makofi mpaka salamu zikaisha, na zetu haziishi upesi. Kisha nikaziokota, nikazichomeka.

Sauti ya Mama ikatokea nje, kwenye spika. Kinanda kikabaki kunong'ona kwa spika yake ndogo ya ndani.

"Leo kinanda kimemezwa!" mama mmoja akacheka.

Nilichanganyikiwa. Sauti ile haikupaswa kupita huko. Lakini mshale wa kinasa sauti ulikuwa unacheza, nikajiambia labda inapita njia zote mbili.

"Fundi, simamisha tusikilize kidogo," mwalimu wa kwaya akaniambia.

"Mwalimu, mashine hii naijua."

Jioni nikasikiliza peke yangu. Kinanda tu; sauti ya Mama haimo. Nikarudisha mkanda mwanzo, nikaugeuza, nikatafuta hata upande ambao haukutumika, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

Asubuhi Mama alikuwa ameketi juu ya mzigo wake akingoja lori la Kibondo.

"Imetoka, mwanangu?"

"Imetoka vizuri, Mama."

"Basi hata nikienda, wajukuu watanisikia."

"Watakusikia."

Lori lilichelewa mpaka mchana. Kinasa sauti kilikuwa bado chumbani kwangu, na Mama alikuwa hana la kufanya. Wimbo mmoja tu ungetosha. Nilikaa naye pale, tukazungumza habari za maharage.

Alifia Kibondo kabla ya mvua zilizofuata.

Mkanda ninao. Kinanda kinaanza, kinanyamaza, kinasubiri, halafu kinaitikia. Mle kinamonyamaza ndimo alimokuwa anaimba. Nimewaonyesha wajukuu zake kwa kidole: hapa, na hapa. Mmoja akauliza mbona hasikiki. Nikamjibu kwamba kosa ni langu, si la mashine. Lakini yeye alitaka kujua bibi aliimba nini, na ubeti wa pili siukumbuki.