Boti ya Kutembelea

Mume wangu aliendesha malori kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia kwa miaka thelathini na moja. Siku daktari alipomwambia aache kuendesha, alitoa funguo za gari letu dogo mfukoni, palepale hospitalini, akanikabidhi bila kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyempiga marufuku.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka miaka miwili nyuma. Mwanzoni tulisema ni uchovu, baadaye tukasema ni baridi ya Iringa. Kisha wa kushoto nao ukaanza. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ugonjwa huu hauui haraka na wala hauponi. Dawa zitamsaidia kwa muda, baadaye zitamsaidia kidogo, halafu tutaona. Hiyo "tutaona" aliisema akiangalia karatasi zake.

Tangu siku hiyo kazi yangu nyumbani ikawa kumkataza. Usipande ngazi. Acha birika, nitamimina mimi. Usikate nyama, nipe hicho kisu. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kukataza nakujua, ila kumkataza mtu mzima aliyekulisha miaka yote ni jambo jingine. Alikuwa ananitii, na kutii kwake kuliniuma kuliko kama angenigombeza.

Miaka miwili ikapita hivyo, na asubuhi moja tukiwa mezani akasema, "Mama, nataka kununua boti."

Nilidhani sikusikia vizuri, maana sauti yake nayo ilishaanza kufifia. "Boti gani?"

"Boti ya injini. Ya kutembelea kule bwawani Mtera."

"Unataka kuvua?"

"Sitaki samaki."

"Basi kubeba abiria?"

Akaweka kikombe chini kwa mikono yote miwili. "Mimi nimebeba simenti, nimebeba mbolea, nimebeba shaba, nimebeba mahindi ya msaada. Tangu nizaliwe sijaendesha kitu kisichokuwa na mzigo. Nataka kuendesha kitu kitupu, mara moja tu."

"Daktari alikukataza, Baba."

"Alikataza gari. Boti hakuitaja."

Binti yetu anaishi Dodoma, nikampigia simu. Akasema, "Mama, baba hawezi kushika kijiko. Usukani wa boti ataushikaje?"

"Najua."

"Sasa mbona humwambii?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote.

Kwa wiki kadhaa nyumba yetu ilikuwa ya maboti. Alitaka kuona picha kwenye simu, lakini kidole chake kilirukaruka kwenye kioo na kufungua mambo asiyoyataka, kwa hiyo nilikaa ubavuni pake nikimfungulia moja baada ya nyingine. Alizichunguza kama alivyokuwa akichunguza matairi zamani. Hii tumbo lake jembamba, itayumba. Ile ya mbao, itakunywa maji. Alitaka ya faiba, yenye tumbo pana, isiyo kubwa sana, yenye viti vya mbele na usukani kama wa gari, maana hakutaka kukaa nyuma akishika mkono wa injini kama mvuvi. Sikuwahi kumwona makini hivyo tangu augue, nami nikajikuta nasema, "Hebu tuone na hii." Tukauza miti yetu ya mbao kule Mufindi. Tulikuwa tumeipanda kwa ajili ya uzee.

Mtu wa kutuuzia tulimpata Mbeya. Tukapanda basi. Njia nzima alinionyesha mahali alipowahi kulala, mahali tairi lilipompasukia, mlima ambao breki zilimwishia akaingiza lori porini na kutoka mzima. Mpaka Makambako alikuwa mchangamfu. Basi liliposimama Igawa watu wajisaidie, naye akainuka, akafika mlangoni, na miguu ikagoma. Ndivyo ugonjwa ule unavyofanya: mtu anataka kupiga hatua, mguu unakataa, anabaki kama amegandishwa sakafuni. Nyuma yetu watu walikuwa wengi.

"Mzee, shuka basi!" mmoja akapaza sauti.

Nikainama sikioni mwake. "Fanya kama unavuka gogo." Daktari ndiye aliyetufundisha hivyo. Akainua mguu juu mno, akavuka gogo ambalo halikuwepo, akashuka. Tulipopanda tena hakunionyesha kitu chochote. Tulipita Chimala akiwa amefumba macho, na najua hakuwa amelala.

Muuzaji alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Mbeya, anayeuza pampu za maji na matrekta madogo ya kulimia mpunga. Uani kwake, katikati ya vyuma hivyo vyote, kulikuwa na boti mbili. Moja ndefu, ya kijani, yenye mabenchi. Nyingine nyeupe, fupi na pana, yenye viti viwili vya mito na usukani mdogo mweusi.

"Kamwene, mzee," alimsalimia kwa Kihehe alipojua tunatoka Iringa, na mume wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Igawa.

Tulimsaidia kupanda kwenye ile nyeupe, pale pale juu ya sakafu ya saruji. Akakaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya usukani. Akauliza maswali mazuri: injini inakunywa mafuta kiasi gani, vipuri vinapatikana wapi, faiba ikipasuka nani anaziba. Muuzaji akamjibu kwa heshima, swali moja moja. Kisha akampa ufunguo ajaribu swichi.

Ufunguo ukagonga pembeni ya tundu. Ukagonga tena juu, ukagonga chini. Mimi na muuzaji tulisimama tukitazama mkono ule ukitafuta tundu. Mwishowe ukamponyoka, ukaanguka miguuni pake.

"Swichi mpya huwa ngumu," muuzaji akasema. Akaniomba nimfuate ofisini nikaangalie karatasi.

Ofisini hakutoa karatasi yoyote. "Mama, nikwambie kama dada yangu," alisema. "Baba yangu alikuwa na ugonjwa huu huu. Najua unakokwenda. Hii boti hataiendesha. Kama unaogopa kumkatalia, niachie mimi. Nitamwambia ile nyeupe imeshapata mteja, tulisahau kuibandika alama. Atakasirika na mimi, mtarudi nyumbani, basi."

Mara nyingi nimeyarudia maneno yale kichwani. Alikuwa amenifungulia mlango, na uongo wake ulikuwa wa huruma, nisingelazimika hata kuusema mimi. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu amekaa ndani ya boti, ameinama, anatafuta ufunguo kwa ncha za vidole. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemnyima kila kitu. Nilikuwa nimechoka kuwa yule anayesema hapana.

"Muuzie," nikasema.

Muuzaji akavuta kitabu cha risiti. "Haya, mama."

Boti ililetwa Mtera juu ya lori. Nasi tulikwenda siku hiyo hiyo, kwa teksi. Kwenye ofisi ya usajili dada mmoja alijaza fomu, akauliza, "Matumizi?"

"Kutembea," mume wangu akasema.

"Hapa kuna uvuvi, abiria na mizigo, mzee."

"Ya kutembea tu, mwanangu."

Dada akaniangalia mimi, kama watu walivyokuwa wameanza kuniangalia mimi kila yeye alipoongea. Nikamwambia aandike uvuvi.

Tulimpata mvuvi wa palepale, mtu wa makamo, kwenda nasi majini siku ya kwanza. Asubuhi ilikuwa shwari. Maji ya bwawa yalikuwa yametulia, na huku na kule vilichomoza visiki vya miti iliyokufa tangu bonde lilipojazwa maji. Tukavaa majaketi ya kuokolea. Mvuvi akawasha injini, akatupeleka mpaka penye uwazi, kisha akainuka akampisha mume wangu kwenye usukani.

Akaushika. Akaongeza mafuta kidogo, boti ikaitikia, ikaanza kukata maji. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Niliona shingo yake imenyooka. Alisema kitu, lakini injini ilikula sauti yake, nikamwitikia kwa kichwa.

Sijui ilichukua muda gani. Muda mfupi sana. Boti ilianza kupinda kulia, taratibu, kuelekea kwenye visiki. Nilidhani anageuza. Mvuvi naye alidhani hivyo. Kisha nikaona mikono yake: haikuwa ikitetemeka tena. Ilikuwa imegoma, kama miguu ilivyogoma mlangoni pa basi, imeng'ang'ania usukani, na uso wake ulikuwa umekauka usionyeshe hata hofu. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakinitazama.

"Mzee, pinda!" mvuvi akapiga kelele. "Mzee!"

Akaruka, akazima injini, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja. Boti ilikwaruza kisiki ubavuni, ikatikisika, ikasimama. Mkwaruzo mdogo tu. Hakuna aliyeumia.

Tukabaki tunaelea. Mvuvi alitazama pembeni, mtu mwenye adabu, maana suruali ya mume wangu ilikuwa imelowa na si kwa maji ya bwawa. Nikavua kanga niliyojifunga kiunoni, nikamwekea mapajani.

"Mwambie aturudishe," akasema.

Njia nzima alikaa akiangalia nyuma, kule povu la injini linakotokea. Maharage yasingekuwa yameiva kwa muda tuliokaa majini.

Hakuitaja tena boti ile. Tuliiacha kwa mvuvi aitunze, na nyumbani tuliishi kama watu ambao hawakuwahi kununua kitu. Nilipomwomba msamaha jioni moja aliniuliza, "Kwa lipi?" Sikuweza kuendelea, maana sikujua kama kosa langu lilikuwa kukubali au lilikuwa kumkatalia kwa miaka miwili kabla ya pale. Binti yetu alikuja likizo, akamwona baba yake, hakusema "nilikwambia." Alifua tu mashuka.

Dawa zilifanya kama daktari alivyoahidi. Zilisaidia kidogo, kisha tukaona. Mwaka huu hatoki kitandani bila kubebwa. Maneno yake yanatoka kama pumzi, nami ndiye ninayeyaelewa, siku nyingine hata mimi siyaelewi.

Mwezi uliopita mvuvi alinipigia. Maji yamepungua, alisema, boti imekaa kwenye tope, jua linaimaliza, na kuna mtu anaitaka. Nilikwenda. Aliyeitaka alikuwa mvuvi mwenzake, na wakati naweka saini tayari alishang'oa vile viti viwili ili apate nafasi ya nyavu. Aliniuliza kama navitaka. Nikamwambia hapana.

Niliporudi nilikaa kitandani kwa mume wangu, nikamlisha uji kwanza. Kisha nikasema, "Baba, boti nimeiuza."

Alinitazama. Midomo ikacheza, akasema neno. Sikulipata. Nikasogeza sikio. Akalisema tena, kwa shida, shingo ikimkakamaa, na tena sikulipata. Mara ya tatu akanishika kidole.

"Sawa, Baba," nikasema. "Sawa. Nimekusikia."

Akaachia kidole changu. Alijua sikusikia. Akageuzia uso ukutani, nami nikachukua bakuli nikaenda kuliosha.