Benchi la Dirisha la Pili

Binamu yangu Fuatino ni msomi wa chuo kikuu, anachunguza dini na maisha ya watu hapa Samoa. Mwaka huu chuo kimempa fomu ajaze: utafiti wako umemgusa nani? Wiki nzima ameishika, hajaandika neno.

Mimi najua cha kuandika. Katika kitabu alichoandika kuhusu kijiji chetu yumo mjane aliyesema mchungaji huwatembelea wagonjwa wenye nacho, wengine huwaombea kwa mbali. Jina alilibadilisha, lakini akaandika kwamba mjane huyo hukaa benchi la dirisha la pili, upande wa baharini. Fuatino mwenyewe kazaliwa kijiji hiki hiki, akasahau kuwa kanisani kwetu benchi la mtu ndilo jina lake. Kitabu kilipofika kijijini, wote walijua ni shangazi yetu Lupesina.

Kanisani hawakumfukuza. Wameacha tu kumwitikia salamu, na benchi lake wamempa mwingine.

Jumapili Fuatino alikuja kumpigia magoti. "Shangazi, nisamehe. Twende ukakae kwangu mjini Apia."

"Nikakalie benchi la nani huko?" shangazi akasema. "We andika tu, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Kengele ikalia. Shangazi akavaa gauni lake jeupe na kofia, akaketi kizingitini, akaimba nyimbo zote za ibada akiwa pale pale nyumbani.

Fuatino akatoa fomu mkobani. Penye swali la aliyeguswa akaandika: Lupesina. Safari hii hakubadilisha jina. Ya nini tena.