Baba Aliogopa

Baba alikuwa katekista huko Ludara tangu sijazaliwa. Mtu akizidiwa na ugonjwa, jamaa zake walikuja na baiskeli kumchukua Baba, kwa kuwa padri alikuwa mbali. Alikaa kando ya kitanda, akamshika mgonjwa mkono na kumwambia kwa Kiswahili chetu, kile alichokirithi kwa babu aliyekuwa askari: "Usiogope. Bwana iko hapa." Mimi nilikua nikiamini kwamba woga haujui njia ya nyumbani kwetu.

Alipoanza kukonda nilimleta mjini Arua, nikamweka kwangu mtaa wa Awindiri. Hospitalini daktari alituambia uvimbe wa ini umeshaenea, haukatiki. Baba alimshukuru kwa adabu, akavaa kofia yake, tukatoka. Langoni alikaa vumbini, mbele ya wauza chapati, akaishika sketi yangu.

"Mimi iko naogopa," alisema.

Nilimfuta vumbi mikononi.

Jumapili padri alikuja na waumini kutoka Ludara. Waliimba, wakaomba. Padri akamwambia, "Mzee, hii njia unaijua. Umesindikiza watu wengi." Baba akageukia ukuta, na hakugeuka tena mpaka wageni walipoondoka.

"Mutu iko nakufa, mimi nasema usiogope," alisema hatimaye. "Lakini si mimi nilikuwa nakufa."

"Baba, hata Yesu aliogopa kule bustanini. Aliomba kikombe kiondoke."

"Kiliondoka?"

"Hapana."

"Basi kaa hapa. Usiimbe, usisome. Kaa tu."

Nikakaa, nimeishika miguu yake. Nje jua lilikuwa kali, lakini miguu ile ilikuwa ya baridi.

Aliomba kurudi nyumbani, nikamrudisha. Alifariki asubuhi moja wanawake wakitwanga mihogo kwa jirani. Ningependa kusema alitulia. Hakutulia. Macho yalikuwa wazi, amenibana kifundo cha mkono hadi kikauma, na midomo ikaendelea na Baba Yetu hata sauti ilipokwisha.

Kwenye mazishi padri alisema marehemu ameondoka kama askari, bila hofu. Nilipopewa nafasi ya kuongea nikasimama na kusema, "Baba aliogopa. Aliogopa sana, na aliomba mpaka mwisho." Watu wakainama. Shangazi yangu hakuongea nami siku ile yote.

Jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, mjane mmoja mzee wa Lobule alinivuta nyuma ya jiko. Baba ndiye aliyemwombea mumewe siku za mwisho.

"Mzee yangu alilia kama mtoto," alisema. "Baba yako aliona yote. Alimpangusa machozi, na hakusema kwa mutu."

"Hata sisi hakutuambia, mama."

"Najua. Sasa mimi pia iko mugonjwa, binti yangu, na ninaogopa. Baba yako amekwenda. Nitaita nani?"

Nikamwambia aniite mimi, ingawa sikujua ningemfanyia nini.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, aliniita. Nilipanda basi hadi Koboko, kisha pikipiki mpaka Lobule, nikiogopa njia nzima. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikavua viatu, nikaingia.