Wajukuu wa Bibi Kidoti

Kwenye maabara ile kulikuwa na watu wenye vyeti vya kutosha kuezekea banda, lakini aliyewajua sungura alikuwa mmoja tu: mlishaji wao, mtu wa darasa la sita na robo. Walimbandika jina Mjomba Masikio, kwa vile miaka ishirini na mbili alikuwa akiwashika sungura masikio wakitolewa damu. Sheria ya kazi ilisema sungura ni namba. Mjomba aliona namba ni za nyumba na viatu. Yeye aliwaita kwa ukoo, na nyuma ya mlango wa stoo ya chakula aliandika kwa chaki nani kazaliwa na nani, hadi bibi wa bibi.

Mwaka huo sungura ishirini na wanne walilishwa pumba zilizochanganywa na unga wa kiini cha yai, wiki nane mfululizo. Daktari, binti makini asiyecheka bure, alitaka kuona kolesteroli, yaani yale mafuta ya kwenye damu, itapanda kiasi gani. Kwa sungura kumi na saba ilipanda mpaka maji ya damu yakawa meupe kama maziwa kwenye vichupa. Kwa saba haikusogea.

"Mjomba, hawa saba hawajala mayai."

"Wamekula, Daktari, na vyombo wameramba."

"Basi unga umekwenda wapi?"

Mjomba akaangalia kitambi chake. Kwa bahati mbaya Daktari naye alikuwa akikiangalia hicho hicho.

Akaambiwa Ijumaa atapewa barua ya kuachishwa kazi. Mdomo uliponza kichwa: Mjomba akakunja mkono wa shati. "Kama mayai nimekula mimi, toa damu yangu uipime!"

Daktari akaipima. Kolesteroli ya Mjomba ilikuwa imepita kiwango, tena si kwa kuchungulia.

Nyumbani mkewe alicheka hadi akakaa chini. "Baba watoto, umekuwa kuku wa kumpelekea mpishi kisu! Na yai lenyewe hata harufu yake huitaki."

"Sasa mafuta haya yametoka wapi?"

"Muulize marehemu mama yako. Muulize dada yako anayemeza vidonge vya mafuta ya damu. Ukoo wenu mnanenepa damu kwa maji ya kunywa! Kaka yangu anapiga mayai manne kila asubuhi, na akipimwa damu ni safi."

Mjomba akaacha kutafuna.

Kesho yake akamvuta Daktari mpaka nyuma ya mlango wa stoo. "Nisomee namba za hao saba." Daktari akasoma, Mjomba akafuata chaki kwa kidole. Mara saba kidole kiliishia kwa jike mmoja: Bibi Kidoti, aliyekuwa na doa jeusi puani.

"Wote wajukuu zake," akasema. "Nyie mlichanganya koo, mkadhani sungura ni sungura."

"Chaki si ushahidi, Mjomba."

Lakini barua ikalala kwenye droo. Daktari akageuza ndoo, akaikalia, na kwa siku kumi na nne akawalisha wale saba unga wa mayai kwa mkono wake, ufunguo wa stoo shingoni. Siku ya kumi na tano damu ikatolewa. Mjomba alishika masikio. Maji ya damu yakatoka angavu, vichupa vyote saba.

Barua ikachanwa. Daktari hakuomba radhi. Alinakili mlango mzima kwenye daftari, kisha akampa Mjomba karatasi: asile kiini cha yai, asile nyama ya mafuta, na wanawe waje wapimwe.

Asubuhi iliyofuata, tumboni akiwa na chai kavu tu, Mjomba akawamiminia wajukuu wa Kidoti unga wao wa mayai, akasimama kuwatazama.

"Kuleni," akawaambia. "Nyie mna bibi."